Damu Iliyobebwa Kama Maziwa

Mama anapenda kusimulia jinsi alivyobeba damu ya Baba kutoka Thika hadi Ruiru bila kuiharibu. Ameisimulia kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa, na hata kwa mtu aliyekuja kwetu Mugutha kuulizia mtamba wa kununua. Anaisimulia vizuri. Anajua mahali pa kunyamaza na mahali pa kushika kiuno, na akifika pale pa barafu hukunja viganja kana kwamba bado ameishika ile chupa. Wasikilizaji hutikisa vichwa na kusema, "Kweli mzee ulimpenda." Mimi hujifanya naenda kutazama sufuria, na kutoka nje.

Sina neno baya juu ya Mama. Hasira yangu ina wenyewe, na nitawafikia.

Baba alikuwa mtu wa maziwa. Alifuga ng'ombe wachache na kuwauzia maziwa wenye mikahawa na walimu wa Ruiru mjini, na sijui kama alikuwa na jambo jingine la kujivunia. Nyumba yetu ilivuja. Baiskeli yake haikuwa na breki ya nyuma. Lakini maziwa yake hayakukatika, na mjini kulikuwa na wenye mikahawa waliokataa maziwa ya mtu mwingine hata yakiletwa mlangoni kwa bei ya chini. Maziwa ya jioni yalilala kwenye mitungi ya bati iliyozamishwa katika mfereji nyuma ya nyumba, na asubuhi mitungi ilifungwa gunia lililoloweshwa maji ndipo ikapanda baiskeli. Ukithubutu kuacha mtungi juani hata ukiwa unafunga kamba ya kiatu, ungesikia sauti yake mpaka kwa majirani.

"Joto inaharibu!" alikuwa akifoka. "Mara ngapi nawaambia?"

Kwa hiyo kwetu neno kuharibika lilikuwa na maana moja tu, nayo ni kupata joto. Kitu kilichotunzwa kilikuwa kitu cha baridi. Mama alipoolewa hakujua kazi hiyo, akafundishwa na Baba, na miaka ilivyokwenda akamshinda mwalimu wake. Angeweza kugusa mtungi kwa nyuma ya mkono na kukuambia kama maziwa yatafika mjini au hayatafika. Baba alikuwa akimtania kwamba alimwoa kwa sababu mikono yake ni baridi.

Katikati ya miaka ya tisini, Baba alianza kuhara na kutapika. Tulidhani ni kitu alichokula. Tukampa maji ya chumvi na sukari, tukampa uji, vyote vikatoka. Alipofika mahali pa kushindwa kuinuka kukamua, tulimpeleka hospitali moja ya Thika. Sitaitaja. Nilipopita hapo mara ya mwisho walikuwa wamepaka lango rangi mpya, na nikaona uchungu kwamba kuna mtu alifikiria lango.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda cha nguo hapo hapo Thika, nikaomba ruhusa nikakaa naye wodini. Mama alikuja kila asubuhi na uji ndani ya mkebe mdogo wa maziwa wenye mfuniko. Daktari wetu alikuwa kijana, msafi, mwenye haraka. Siku ya kwanza nilimpenda. Alipima damu kwa mashine ya hospitali, akatuita kando na kutueleza kwa upole.

"Mzee amepoteza maji mingi na chumvi," alisema. "Kuna chumvi moja ya damu inaitwa potasiamu. Hiyo ndiyo inasaidia moyo kupiga sawasawa. Ikishuka sana ni hatari, ikipanda sana pia ni hatari. Yake imeshuka."

"Sasa nimpikie supu niongeze chumvi?" Mama aliuliza.

Daktari alicheka, si kwa dharau. "Hapana, mama. Hii si ya jikoni. Tutaiweka kwa dripu."

Ikawekwa kwenye dripu, nasi tukaona kazi yake kwa macho. Siku ya pili Baba aliketi. Siku ya tatu aliuliza ni nani aliyemkamua yule ng'ombe mweusi mwenye mateke, na Mama alipomwambia ni kijakazi wa jirani, akakasirika sana, nasi tukafurahi kumwona amekasirika. Bado alikuwa akihara kidogo. Lakini alikuwa Baba wetu tena, mdomo na kila kitu.

Asubuhi iliyofuata daktari alitaka kujua ile chumvi imefika wapi, na mashine ya hospitali ikawa imekufa. Hilo halikumshangaza mtu yeyote. Siku hizo hospitali ilipokosa mashine, jamaa ya mgonjwa ndiye aliyekuwa tarishi. Ungepewa chupa mkononi, uambiwe maabara gani bado inafanya kazi, na uende. Tuliambiwa kuna maabara ya mtu binafsi Ruiru yenye mashine ya chumvi. Mama akasema hapo ni nyumbani, ataenda yeye, mimi nibaki kumshikia Baba beseni.

Nesi alimtoa Baba damu, akaitia kwenye kichupa cha kioo chenye kifuniko cha mpira, akakibandika plasta yenye jina. Halafu akamwambia Mama neno ambalo nimelichukia mpaka leo.

"Peleka haraka, mama. Na uchunge isiharibike kwa njia."

Mama alinyooka mgongo. Nilimwona. Tangu Baba augue alikuwa amezunguka wodi ile kama mgeni asiyejua aketi wapi, akiogopa kugusa chochote, akiwaita hata wafagiaji daktari. Sasa mtu alikuwa amempa kazi anayoijua.

"Iharibike na mimi?" alisema. "Haiwezi kuharibika na mimi."

Nesi alikuwa amekwisha kumgeukia mgonjwa mwingine. Alimaanisha nini? Nimejiuliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Labda alimaanisha usitikise, usichelewe. Labda hakumaanisha kitu, ni maneno tu ya kumsindikiza mtu mlangoni. Hakumwambia Mama damu hii inaharibiwa na nini. Alidhani kila mtu anajua, na Mama naye alijua. Alijua cha kwao, cha maziwa.

Alinimiminia uji wote kwenye kikombe, akasuuza mkebe, akakifunga kichupa ndani ya mfuko wa nailoni, akakilaza ndani na kujaza maji baridi ya bomba. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakilowesha, akauzungushia mkebe nje. Baba alimtazama kutoka kitandani, na nakumbuka alivyotabasamu. "Umesahau gunia," akamwambia.

Yaliyotokea Ruiru nayajua kwa sababu nimeyasikia kwa Mama mpaka nayaota. Alifika mapema, akakuta hakuna stima, mashine zote zimezimika. Mwenye maabara, mwanamume mwenye koti jeupe, alikuwa mlangoni akisoma gazeti. Akamwambia angoje, zitarudi. Mama akangoja. Jua lilipopanda, aligusa mkebe kwa nyuma ya mkono na kuona maji yameanza kupoteza baridi. Akavuka barabara kwa mwenye bucha, akamwomba barafu iliyoganda kwenye kuta za friza yake, akaipakia kuzunguka kichupa. Ilipoyeyuka akarudi kuomba nyingine. Mkebe aliusukuma chini ya benchi, mbali na jua, akaketi mbele yake. Alikaa hivyo saa na saa, hakwenda hata choo. Stima zilirudi alasiri. Mwenye maabara alikichomoa kichupa kwenye barafu, akakipangusa kwa koti, akasema, "Mathe, hii umeiweka poa kabisa."

Hapo ndipo watu hupiga makofi. "Hata yule wa maabara alinisifu," Mama husema.

Huyo ni wa kwanza kati ya wenye hasira yangu. Alikuwa ameona. Damu ilikuwa imekaa ndani ya barafu kutwa nzima mlangoni pake, naye hiyo ndiyo kazi yake, hana nyingine. Akaitia kwenye mashine, mashine ikatoa nambari, akaiandika, akampa Mama. Angesema tu, mama, rudi, watoe nyingine. Mama angerudi Thika kwa miguu kama ingebidi.

Jua lilikuwa likishuka Mama alipoingia wodini na karatasi ile. Daktari aliisoma akiwa amesimama, na nikaona uso wake umebadilika.

"Imepanda," alimwambia nesi. "Imepanda sana hii. Funga hiyo dripu."

Baba alikuwa ameketi akinywa chai. Ndiyo, akinywa chai! Nilimwambia daktari, kwa heshima yote, kwamba siku ya kwanza alisema iko chini, na mgonjwa bado anahara, na leo ameamka vizuri kuliko jana.

"Ndiyo maana tunapima," alinijibu. "Ikipanda hivi inasimamisha moyo, na mtu anaweza kukaa hivi hivi tu akionekana mzima."

Baba akaweka kikombe chini. "Daktari, lakini mimi nasikia niko sawa."

"Mzee, mashine ndiyo inajua."

Hakumshika mkono kusikiliza mapigo. Hakuuliza damu ilipitia wapi, ilikaa wapi, ni nani aliyeibeba na ndani ya nini. Swali moja tu lingetosha, na Mama, kwa jinsi alivyokuwa akitamani kulisimulia jambo hilo, angelijibu mpaka kwenye barafu ya bucha. Alikuwa amesimama hapo hapo na mkebe wake, akingoja kuulizwa. Badala yake daktari aliagiza dawa ya kuishusha ile chumvi, ikadungwa na kurudiwa. Tukamshukuru. Mama alimshukuru kwa mikono miwili.

Kulipokucha Baba alisema miguu yake ni mizito. Baadaye akashindwa kushika kikombe, akakitazama kama kitu cha kumchekesha. "Mikono imekuwa ya mtu mwingine," aliniambia. Nikamwita nesi, nesi akasema daktari yuko njiani. Kabla ya saa sita mchana moyo wake ulisimama. Walikimbia, walivuta pazia, walimkandamiza kifua. Daktari alitoka jasho likimtiririka na akatuambia kwamba ile potasiamu ilikuwa juu mno, kwamba walijitahidi kuishusha lakini walichelewa.

Mama alishika neno hilo akajifariji nalo. Kama angeiharibu damu njiani, alisema, madaktari wasingejua kabisa Baba anaumwa na nini. Angalau walijua. Angalau yeye alifanya sehemu yake. Alizika mume wake akiwa na kitu hicho kimoja cha kushika, na kwa miaka michache sikuona ubaya wowote.

Kisha nikaolewa Juja. Siku moja nilimpeleka mtoto wangu kliniki kupimwa malaria, na tulikuwa tumeketi kwenye foleni nje ya dirisha la maabara. Mwanamume mmoja mbele yetu alikabidhi chupa ya damu. Kijana wa maabara aliigusa tu, akairudisha dirishani kwa kishindo.

"Hii nani aliiweka kwa friji?"

"Ni mimi, ndiyo isiharibike," yule mwanamume alisema. "Tuliitoa jana, tukakuta mmefunga."

"Sasa ndiyo umeiharibu! Ya chumvi haikai kwa baridi. Rudi wakutolee ingine. Aki watu wa hapa mnachosha."

Nilimpa jirani mtoto anishikie, nikaenda dirishani. Nilimwomba anieleze. Alinitazama kwa kuchoka, akanieleza haraka haraka, kwa vile alidhani nami nimeleta damu mbaya. Chembe za damu zimeshikilia potasiamu ndani yake, alisema. Damu ikikaa kwenye baridi muda mrefu, zinalegea na kuiachilia. Mashine itakusomea iko juu sana, kumbe ni ile iliyovuja ndani ya chupa, mgonjwa mwenyewe hana.

"Na mgonjwa akipewa dawa ya kuishusha?" niliuliza. "Kama yake ilikuwa chini tangu mwanzo?"

Kijana aliacha kuandika. "Huyo si wanamuua?"

Sikulia. Nilirudi kwenye benchi nikampakata mtoto, na nilihisi chuki ambayo sikujua ninayo, chuki safi, isiyo na haya. Jambo lenyewe lilikuwa linajulikana. Lilijulikana na kijana mwenye usingizi kwenye dirisha la Juja. Lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu ambavyo daktari wetu alisoma na kufanyia mtihani, na yule wa koti jeupe wa Ruiru pia. Baba hakufa kwa sababu kitu kilikuwa hakijulikani. Alikufa kwa sababu waliojua hawakuona haja ya kumwambia mwanamke aliyebeba mkebe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Thika kumtafuta daktari. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikaambiwa alihama zamani, hakuna aliyejua alikokwenda, na mwenye kunijibu aliendelea kula maandazi. Nilipokuwa natoka, mlangoni pa wodi nilimkuta nesi, si yule wetu, mwingine, akimpa mzee mmoja kichupa. "Uchunge isiharibike kwa njia," akamwambia. Yule mzee akaitikia kwa kichwa, kama tunavyoitikia wote. Nikamfuata hadi langoni, nikamwambia, mzee wangu, usiiweke kwa barafu, usiitikise, na ukikuta hakuna stima rudi watoe nyingine. Aliishika chupa kwa mikono miwili na kunikwepa. Alidhani nina wazimu, na kwa kweli nilikuwa nao.

Njiani kurudi niliamua Mama hatajua. Baba alikuwa amekufa. Daktari hakuwa na haja ya kujua, wa koti jeupe hakuwa na haja ya kujua, basi kwa nini ukweli huu umwangukie mtu mmoja tu, yule aliyempenda? Kwa hiyo nikabaki nao mimi, na kila anaposimulia natoka kwenda kutazama sufuria.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha Mama mwenyewe alipougua. Alikuwa akimeza dawa za presha, zile za kukojoza, na taratibu akaishiwa nguvu mpaka akashindwa kusimama. Tukamlaza kwenye hospitali ndogo Ruiru. Daktari, safari hii mwanamke mtu mzima, alitaka chumvi zake zipimwe, na siku hizo maabara iliyokuwa na mashine inayofanya kazi ilikuwa Thika. Damu ikatolewa. Nikanyoosha mkono kuipokea, nikasikia sauti ya Mama kutoka kitandani.

"Mkebe uko hapo chini."

Alikuwa amekuja nao. Mgonjwa asiyeweza kuvaa viatu vyake, lakini mkebe alikuwa ameukumbuka.

"Mama, Thika si mbali. Nitaishika tu kwa mkono."

"Kwa mkono? Na hii jua?" Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Ya baba yako mimi nilikalia kutwa nzima. Yangu ndiyo unataka kubeba kama mandazi?"

Nilimwangalia. Maneno yote yalikuwa mdomoni: kijana wa Juja, chembe zinazovuja, kikombe ambacho Baba alishindwa kukishika. Ningeyasema yangechukua muda mfupi, na asingenisumbua tena na barafu maisha yake yote. Macho yake yalikuwa yamezama, na yalikuwa yananiomba nimpende kwa njia pekee aliyojua mtu hupendwa.

Nikavuta mkebe. Nikaenda kuomba barafu kwenye duka la soda lililokuwa ng'ambo, nikarudi kuipanga mbele yake, nikalowesha kitambaa na kuuzungushia. Alinielekeza mahali pa kukaza fundo. Aliugusa mkebe kwa nyuma ya mkono wake, akaridhika, akafumba macho.

Nilipofika kwenye bomba lililokuwa nyuma ya jiko la hospitali, nilitoa kichupa, nikakikausha kwa nguo yangu, na barafu yote nikaimwaga kwenye mtaro. Kichupa nilikiweka wima ndani ya mfuko wa sweta, nikakishikilia hapo mpaka Thika. Msichana wa maabara alikipokea na kukipima papo hapo. Chumvi ilikuwa chini, chini sana. Nilimsimulia daktari jinsi nilivyoibeba kabla hajaniuliza, akasema vizuri. Wakamwekea Mama ile potasiamu kwenye dripu.

Siku chache baadaye Mama aliketi, akadai chai, akalalamika ni ya maji. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamekwisha kusikia ya Baba yote, na sasa alikuwa na ya pili ya kuwasimulia. Aliniita karibu mbele yao. Mkebe ulikuwa magotini mwake.

"Waambie," alisema. "Barafu iliyeyuka kwa njia?"

"Haikuyeyuka, Mama."

Akawatazama mmoja mmoja, kisha akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa imerudi kuwa baridi kama zamani.

"Si niliwaambia? Amebeba yangu vile nilibeba ya baba yake."

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Vile vile."